Si Ubahili, Ni Risiti: Kinachomfanya Mtu Achange na Kinachomfanya Aache

Mada ya Kamati ya Fedha katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Dar es Salaam

 

Kamati ya Fedha tumepewa dakika chache kabla ya harambee kuanza. Tumeombwa tujibu swali moja: ni kitu gani humfanya mtu atoe fedha yake mfukoni kwa ajili ya mradi wa wote, na ni kitu gani humfanya aifunge pochi? Sisi ni watu wa hesabu. Kuhubiri hatujui na siasa si fani yetu, kwa hiyo mtatuvumilia tukizungumza kwa lugha ya madaftari.

Madaftari yenyewe ni mawili. La kwanza ni la ahadi. La pili ni la fedha iliyoingia benki. Yeyote aliyewahi kushika hazina ya chama cha watu wa nyumbani anajua kwamba madaftari haya mawili ni ndugu wasiofanana. La ahadi hunenepa kwa usiku mmoja, muziki ukipigwa na watu wakishangilia. La benki hukua polepole, na mengine hayakui kabisa. Muuza bati hapokei makofi, naye fundi hapandi juu ya kenchi kwa ahadi. Mada yetu yote iko katika pengo lililo kati ya madaftari hayo mawili.

Mwaka huu pengo hilo lina sura. Ni boma la wodi ya wazazi ambalo ndugu zetu kule juu wamelisimamisha kwa mikono yao hadi usawa wa lenta. Mawe ya msingi yalibebwa kwa vichwa na mabega. Maji yalipandishwa kwa ndoo. Tofali zilifyatuliwa na kuchomwa palepale. Kazi hiyo ilifanywa kwa msaragambo, siku baada ya siku, na wengi waliobeba ndoo ni akina mama. Boma halijaezekwa. Ukuta usio na paa hauna subira: kila masika yakipita, mvua inalamba udongo wa viungio na kuta zinachoka kabla hazijatumika. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku naye hana subira. Njia yake bado ni ileile, kushuka mlima juu ya bodaboda, dereva mbele na ndugu nyuma, hadi ifike barabara ambako pengine gari litapatikana.

Basi swali la kwa nini watu huchanga, kwetu leo, ni swali la paa.

Watani wetu wanasemaje?

Watani wetu Wachaga wana jibu lao tayari. Wanasema Mpare hatoi. Wanasema Mpare atauza ng'ombe ili apate nauli ya kwenda kushtaki kesi ya kuku. Tunacheka nao, maana utani ni haki yao. Lakini mtu wa hesabu haamini neno kabla ya kuona daftari, na daftari la maisha yetu hapa mjini linasema kinyume.

Tazameni kadi za michango ya harusi. Nani katika ukumbi huu hana kadi mbili au tatu kwenye mkoba wake wakati huu tunapozungumza? Mtu anayesema mwezi huu mambo ni magumu, huyohuyo anachangia harusi ya mtoto wa mfanyakazi mwenzake, tena analipa kabla ya tarehe. Ukitokea msiba, usiku haujaisha rambirambi zimeshatumwa kwa simu, na mweka hazina wa msiba ameshaandika ukurasa wa pili. Fedha ipo, na mkono wa kutoa upo. Kwa hiyo tuulize: harusi na msiba vina nini ambacho boma letu halina?

Tumekaa tukahesabu. Harusi ina tarehe, na tarehe ikipita hakuna wa kukuomba tena. Harusi ina mtu unayemjua kwa jina. Harusi ina kamati ambayo mwisho wa kazi huvunjwa, tena huvunjwa kwa kikao chenye taarifa ya mapato na matumizi. Mchango wako wa harusi unauona kwa macho: meza umeikalia, chakula umekila. Na harusi ina kurudishiana, maana leo ni kwako, kesho ni kwangu. Mradi wa maendeleo, kama unavyoendeshwa katika vyama vingi, hauna hata kimoja kati ya hivyo. Hauna tarehe ya mwisho, hauna jina la mtu, hauishi, na aliyetoa mwaka juzi anaombwa tena bila kuambiwa cha mwaka juzi kilinunua nini.

Si ubahili, ndugu zetu. Mtu hakatai kutoa. Anachokataa ni kutumbukiza fedha shimoni asikoona mwisho wake.

Tutaeleza mambo manne ambayo wataalamu wameyapima na sisi wenyewe tunayaona, kisha tutasema tumeamua kufanya nini.

La kwanza: mtu humchangia mtu

Mwaka 2007 watafiti watatu wa Marekani, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walichapisha jaribio dogo. Watu waliojaza dodoso walilipwa dola 5, kisha wakapewa barua ya kuombwa mchango wa kupambana na njaa Afrika. Kundi moja lilisomewa habari za mtoto mmoja wa kike wa Mali, aitwaye Rokia, mwenye miaka 7. Kundi la pili lilipewa takwimu za mamilioni ya watu wenye njaa. Waliosoma habari za Rokia walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu walitoa dola 1.14. Kisha kukawa na kundi la tatu, lililopewa vyote viwili, Rokia pamoja na takwimu. Hao walitoa dola 1.43. Yaani takwimu zilipowekwa pembeni ya mtoto hazikumsaidia, zilimpunguzia.

Kwa watu wa hesabu kama sisi hili ni somo chungu, kwa sababu sisi tunapenda takwimu. Lakini lazima tuliseme. Mkisikia asilimia fulani ya akina mama hujifungulia njiani, mtatikisa vichwa. Mkimkumbuka shangazi yenu aliyejifungulia chini ya mti wa barabarani akafunikwa kwa khanga za wapita njia, mtatoa. Ndivyo moyo wa binadamu ulivyo.

Hata hivyo tumekubaliana mpaka. Hatutaonyesha picha ya mama yeyote akiwa katika uchungu wake ili kuwatoa machozi, wala hatutamleta mtu jukwaani asimulie aibu yake kwa ajili ya mabati. Mama yule si tangazo. Kila mmoja wetu ana wa kwake wa kumkumbuka, na huyo anatosha.

La pili: mtu huchangia safari inayoelekea kufika

Hakuna anayependa kupanda basi lisilo na dereva. Mwaka 2002 wachumi John List na David Lucking-Reiley walichapisha matokeo ya barua za kuchangisha kompyuta za kituo kimoja cha chuo kikuu huko Florida. Barua zote zilitaja kompyuta zilezile. Tofauti mojawapo ilikuwa hii: baadhi zilisema asilimia 10 ya fedha imeshapatikana, nyingine asilimia 33, nyingine asilimia 67. Kutoka kwenye asilimia 10 hadi 67, michango iliongezeka karibu mara sita. Waliona tena kwamba kuwaahidi watu watarudishiwa fedha zao kama lengo halitatimia kuliongeza kiasi kilichotolewa.

Mtandao wa Kickstarter, ulioanzishwa Marekani mwaka 2009, umejengwa juu ya kanuni hiyohiyo. Mwenye mradi hutaja lengo na tarehe. Lengo likifikiwa, fedha hukatwa kwa wachangiaji na kwenda kwake. Lisipofikiwa, hakuna anayekatwa hata senti. Na waliochunguza mwenendo wa michango humo wameona kwamba watu hutoa kwa wingi mwanzoni, kisha katikati hupoa, kisha mwishoni huchangamka tena lengo likikaribia. Wa mwanzo ni marafiki na ndugu wa mwenye mradi. Wa mwisho ni watu wanaotaka kushiriki katika kumaliza.

Somo kwetu ni hili. Ombi linalosema "tusaidieni kujenga kituo cha afya" ni ombi la safari isiyojulikana mwisho wake. Ombi linalosema "kuta zipo, zimebaki kenchi na mabati" ni ombi la kumaliza. Ndugu zetu wa milimani wameshatoa sehemu yao ya kwanza, nayo imesimama pale kwa tofali na jasho. Kosa kubwa ambalo chama chochote cha mjini kinaweza kufanya ni kuanza kuhesabu mradi siku fedha ya mjini inapoingia, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa na pori tupu. Siku ya msaragambo ina thamani. Ndoo ya maji iliyopandishwa mlimani ina thamani. Kwa hiyo katika taarifa ya mwaka huu, nguvu za wananchi zimeandikwa katika mstari wa kwanza wa mapato, juu ya michango yetu. Hapo ndipo hesabu ya kweli inapoanzia.

La tatu: mtu anataka kidogo chake kionekane

Wengi mmeiona katika picha sanamu kubwa ya mwanamke mwenye mwenge iliyoko bandarini New York. Sanamu ile ni zawadi ya watu wa Ufaransa. Lakini zawadi ilikuwa na sharti: Wamarekani wajenge wenyewe jukwaa la kuisimamishia. Fedha za jukwaa zikakwama. Mwaka 1885 mwenye gazeti la New York World, Joseph Pulitzer, akawaomba wasomaji wake wa kawaida. Akaahidi kuchapisha jina la kila atakayetoa, hata akitoa kiasi gani, hata senti za mtoto wa shule. Kwa muda wa miezi kama mitano, watu zaidi ya 120,000 walichanga zaidi ya dola 100,000. Wengi wao walitoa dola moja au chini ya hapo. Jukwaa likajengwa, na mwaka 1886 sanamu ikazinduliwa.

Tusiende mbali hivyo. Mwaka 2011 ukame ulipowakumba ndugu zetu wa kaskazini mwa Kenya, Wakenya walichangishana katika kampeni iliyoitwa Kenyans for Kenya. Lengo la kwanza lilikuwa shilingi milioni 500 za Kenya, nalo likapitwa. Sehemu ya siri yake ilikuwa simu. M-PESA ilikuwa imeanza Kenya mwaka 2007, na kufikia wakati huo mwenye kibanda cha mboga alikuwa na njia ya kutoa kiasi chake akiwa palepale kibandani, bila kupanga foleni ya benki, bila kuona aibu kwamba ni kidogo.

Sasa tufanye hesabu kidogo, na tunasisitiza ni mfano tu. Chukueni watu 600 wanaotoa shilingi 20,000 kila mmoja: ni shilingi milioni 12. Chukueni waheshimiwa wanne wanaoahidi milioni 3 kila mmoja: nao ni shilingi milioni 12. Kwenye karatasi, jumla ni ileile. Lakini mheshimiwa mmoja akikwama, umepoteza robo ya paa. Kati ya wale 600 wakikwama 30, umepoteza asilimia 5, yaani shilingi 600,000, na fundi hasimami. Wala hatuwadharau wakubwa wetu. Tunawahitaji na tunawashukuru. Tunasema tu kwamba paa linalotegemea watu wanne linaning'inia, na paa linalotegemea watu 600 limekaa juu ya nguzo.

Tena kuna faida ambayo haiandikwi kwenye leja. Aliyetoa 20,000 ataulizia paa. Akienda nyumbani Desemba atapita kuliona. Akiona limeanza kuvuja atapiga simu. Watu 600 wa aina hiyo ni wakaguzi ambao hakuna chama kinachoweza kuwaajiri.

La nne: sifa na aibu ni kisu chenye makali mawili

Hapa tunafika penye ugumu, na tunaomba wazee wetu watusikilize hadi mwisho kabla ya kutujibu.

Watu hutoa pia kwa sababu wengine wanawatazama. Haina haja ya kuficha. Tukisomewa kwamba fulani ametoa, nasi tunasogea kwenye kiti. Harambee zetu zinaendeshwa kwa nguvu hiyo: mshereheshaji anataja jina, anataja kiasi, ukumbi unapiga vigelegele, keki inapigwa mnada mara tatu.

Majirani zetu wa Kenya wana historia ndefu ya jambo hili. Mzee Jomo Kenyatta aliifanya harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, na neno hilo limo katika nembo ya nchi yao. Kwa wito huo wananchi walijenga shule nyingi za sekondari ambazo serikali isingeweza kuzijenga kwa haraka hiyo. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, jukwaa la harambee likawa jukwaa la wanaotafuta kura, watu wakashindana kwa vitita, na watumishi wa umma wakawa wanachangisha kwa kutumia vyeo vyao. Mwaka 2003 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma, iliyowakataza kutumia ofisi zao kuchangisha. Kitu kizuri kilipogeuka mashindano kilihitaji sheria ya kukirudisha kwenye mstari.

Katika kumbi zetu madhara yake ni mawili. La kwanza, anayeahidi mbele ya watu huahidi kwa ajili ya usiku ule. Makofi ameshayapata; kulipa hakumwongezei kitu. Hapo ndipo daftari la ahadi linapoachana na la benki. La pili ni baya zaidi. Mwalimu mstaafu mwenye shilingi 10,000 yake aliyoitoa kwa moyo akisikia mamilioni yanatajwa, anaikunja kiganjani na kutoka nje kana kwamba anaenda kupokea simu. Mwaka unaofuata haji. Hajachukia Same. Amejiona mdogo katika mkutano wa ndugu zake, na hakuna anayelipa nauli ili akajione mdogo.

Tunajua baadhi ya wazee wetu wataona kwamba tukiacha kutaja viwango tutaua utamu wa shughuli. Huenda utamu ukapungua. Lakini tunaomba tupime kwa bati lililofika juu, si kwa kelele za ukumbini.

Kinachobeba yote: kuaminiana kunakoonekana

Mambo hayo manne yanasimama juu ya kitu kimoja, na kitu hicho hatukuhitaji kukisoma kwa wachumi. Wazee wa Upare walikijua.

Kumbukeni ndiva. Bwawa lile dogo linakusanya maji usiku, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwa mfereji kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva haijengwi na mtu mmoja wala haisafishwi na mtu mmoja. Siku ya kuzibua tope inajulikana, na asiyetokea hutozwa faini au zamu yake ya maji ikawa mashakani. Lakini mbona watu hawakugomea ndiva, wakati kazi yake ni ngumu? Kwa sababu kila mmoja aliona maji yakiingia na kutoka. Aliona zamu ya jirani na zamu yake. Hakuna aliyehitaji kuambiwa "tuaminini".

Halafu kumbukeni mbiru. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani wakakusanyika Same, makao ya mkuu wa wilaya wa Kiingereza, kupinga kodi iliyokadiriwa kwa kila mtu kulingana na mali yake. Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu juu ya mapambano hayo, yaliyodumu kuanzia 1944 hadi 1947. Kodi yenyewe walikuwa wameizoea. Walikuwa wakiilipa kwa kiwango kimoja kwa wote. Walichokataa ni makadirio ambayo mlipaji hakuelewa yamefikiwaje. Waliokataa mbiru ndio haohao waliosafisha ndiva. Watu wale hawakuwa wabahili. Walitaka kujua kipimo, na walitaka kuona maji.

Sisi ni wajukuu wao. Tukiombwa tuchange bila kuonyeshwa hesabu, damu ya mbiru inaamka. Tukionyeshwa, damu ya ndiva inaamka. Kazi ya Kamati ya Fedha ni kuchagua ni ipi itaamka.

Tulichoamua kwa ajili ya paa

Kwa ridhaa ya Kamati Kuu, uchangishaji wa mwaka huu utaendeshwa kwa masharti yafuatayo.

Kwanza, tunachangia paa peke yake: kenchi, mabati, misumari, usafiri wa vifaa na ujira wa fundi. Vitanda, rangi na madirisha tutavizungumza paa likishakaa. Orodha ya vifaa na bei zake imebandikwa mlangoni. Tafadhali isomeni, na mwenye duka anayejua bei nafuu zaidi atuambie leo.

Pili, kuna akaunti ya mradi huu tu, yenye watia saini watatu, mmoja wao akiwa mwanakamati anayeishi kijijini. Fedha ya paa haitagusa msiba, wala kikao, wala chakula cha leo.

Tatu, kuna tarehe. Mwisho wa Januari tutafunga kuchanga ili mafundi wapande kabla ya masika. Kama lengo halijatimia siku hiyo, hakuna shilingi itakayotumika kabla kila mchangiaji hajaulizwa: unarudishiwa, au tunaihifadhi? Atakayetaka yake atapewa yake bila kuulizwa sababu.

Nne, wajumbe wote wa Kamati Kuu na wa Kamati ya Fedha tumeshalipa michango yetu, taslimu, kabla ya kuwaomba ninyi. Hatukuona haki ya kumwambia mtu apande basi ambalo sisi wenyewe tumesimama nje yake.

Tano, leo yatasomwa majina bila viwango. Majina yatasomwa kwa vijiji, kwa mpangilio wa alfabeti, na aliyetoa 2,000 atasimama mstari mmoja na aliyetoa 2,000,000. Viwango vitabaki katika daftari, na kila mtu atapata risiti yake.

Sita, ahadi zitapokelewa kwa karatasi, si kwa kipaza sauti. Ukiahidi, andika kiasi na tarehe unayoichagua mwenyewe. Tutakukumbusha mara moja siku hiyo, kwa ujumbe wa faragha.

Saba, ndugu zetu walioko Ughaibuni wamejitolea kulingana shilingi kwa shilingi na kila mchango wa leo hadi kiwango walichokubaliana. Wengine waliuliza kwa nini tusiwaombe watoe tatu kwa kila moja yetu. Tuliwajibu kwa utafiti wa Dean Karlan na John List, uliochapishwa mwaka 2007 baada ya barua kutumwa kwa watu zaidi ya 50,000: kuwepo kwa mtu wa kulinganisha kuliongeza michango, lakini kulinganisha mara mbili au mara tatu hakukuongeza zaidi ya kulinganisha moja kwa moja. Moja kwa moja inatosha. Tena inaacha paa kuwa letu sote kwa sehemu sawa.

Nane, kila mwezi ukurasa mmoja wa mapato na matumizi utatumwa kwenye kundi letu la WhatsApp, na ukurasa uleule utabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Waliobeba mawe wana haki ya kuona hesabu sawasawa na waliotuma fedha.

Ndugu zetu, tunawatahadharisha jambo moja. Jumla itakayotangazwa jioni ya leo huenda ikasikika ndogo kuliko mlivyozoea. Msivunjike moyo, wala msiruhusu mtu awaambie kwamba Umoja umefilisika. Itakuwa ndogo kwa sababu itakuwa ya kweli: fedha iliyopo, na ahadi zenye tarehe. Tunapendelea tuondoke na namba ndogo inayonunua bati kuliko namba kubwa inayonunua makofi.

Na tunawaomba mfanye jambo moja kabla ya kuondoka. Msitafute kiwango kinachofanana na cheo chenu, wala kinachofanana na cha jirani. Tafuteni kiwango ambacho mkikitoa leo, kesho hamtakijutia, na mwakani mtaweza kukitoa tena. Meza ya malipo iko upande wa kushoto. Namba ya kulipia kwa simu iko kwenye jalada la nyuma la kijitabu hiki. Daftari la benki liko wazi juu ya meza, na yeyote anaruhusiwa kulifungua.

Karibuni mezani.